Mstari Uliopita Makaburini

“Nani amechora mstari huu?”

Hilo ndilo swali lililotutenganisha Ijumaa iliyopita, msomaji wangu. Tulimwacha Bustani amesimama nyuma ya kiti cha mumewe ofisini, kikombe cha chai mkononi, macho ameyakaza kwenye kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na ramani ya bonde. Juu ya ramani palikuwa na mstari mwekundu. Mstari ule ulikuwa umepita makaburini, kando ya uzio, juu kabisa ya kaburi dogo la mtoto wake wa pekee.

Mumewe hakugeuka.

“Mimi,” alisema. “Nimeuchora mimi.”

Kikombe kikamponyoka. Chai ikatapakaa sakafuni, juu ya viatu, juu ya karatasi za michoro. Hakuna aliyeinama kufuta.

Wengi mmeniandikia wiki hii. Mmoja wenu ameapa kwamba mume ana mwanamke wa nje na kwamba habari za daraja ni kisingizio tu. Tulia, ndugu yangu. Ingekuwa mwanamke wa nje, tungelia kidogo tukanywa maji tukaendelea na maisha.

Na wewe uliyelifungua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea nikueleze. Hawa ni mke na mume, wasanifu katika ofisi moja. Ofisi yao inachora barabara, madaraja, na kila kitu cha kijani kinachokaa pembeni yake. Mume ni mtu wa madaraja, kwa hiyo wenzake humwita Daraja. Mke hupanga miti, njia za miguu na viti vya kupumzikia, kwa hiyo huitwa Bustani. Siku ya harusi yao, ofisi nzima ilicheka kwamba saruji imeoa maua.

Sasa ofisi imepewa kazi kubwa kuliko zote: daraja la kuvuka bonde. Watu wa ng’ambo wana kijidaraja cha mbao tu. Mvua zikianza, kinazama. Hospitali iko upande wa mjini, na mgonjwa wa ng’ambo hukaa ukingoni akiitazama kwa macho.

Hayo Bustani anayajua kuliko mtu yeyote. Alishikwa na uchungu akiwa ng’ambo, mvua zikinyesha.

“Unajua pale pana nini?” aliuliza.

“Najua.”

“Sema, basi. Kwa mdomo wako.”

“Pana kaburi.”

“La nani?”

Daraja akafumba macho.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Aliingia Penseli, mwenye ofisi, mama mrefu mwembamba ambaye penseli haitoki kwenye nywele zake hata akienda kulala.

“Nyie wawili, sauti zenu zimefika mapokezi. Kuna nini?”

Bustani akanyoosha kidole kwenye kioo. Penseli akatazama. Alikuwa amewahi kumsindikiza Bustani kwenye kaburi lile. Akaufunga mlango taratibu, akavuta kiti, akakaa.

“Nieleze,” alimwambia Daraja.

“Mwamba,” alisema Daraja. “Ukienda juu kidogo ni mchanga mtupu. Ukienda chini, maji yanakula ukingo. Mwamba wa kubeba nguzo, pande zote mbili za mto, uko hapa tu.”

“Na barabara ya kupandia darajani? Ipindishe,” alisema Bustani.

“Nikiipindisha inaingia kwenye nyumba za watu.”

“Kwa hiyo bora iingie kwa mwanangu!”

“Mke wangu…”

“Usiniite mke wako ukiwa umeshika hicho kipanya!”

Daraja akaiachia kompyuta kama mtu aliyeungua.

Penseli aliyapikicha macho yake. Wateja walikuwa wanakuja kesho yake kuangalia mchoro. Lakini hakuanza na wateja.

“Nakuuliza kitu kimoja, na unijibu kweli,” alisema. “Mstari huu amechora msanifu, au amechora baba?”

Daraja aligeuza kiti akamtazama.

“Wote wawili,” alisema Daraja. “Vipimo vya mwamba ni vya kweli, unaweza kuvikagua. Lakini pale pia ndipo niliposimama siku ile.”

Siku ile, msomaji wangu. Ngoja nikupe kwa ufupi, maana kuirefusha hata mimi siwezi.

Walikuwa wakiishi ng’ambo, nyumbani kwa mama yake Daraja. Mvua ilikuwa haijakatika. Asubuhi Daraja alivuka kwenda kazini kijidaraja kikiwa bado kinaonekana. Mchana mkewe akashikwa na uchungu, akakimbizwa zahanati ya hukohuko. Habari zilipomfikia mume, alikimbia hadi mtoni. Kijidaraja hakipo. Kuna maji tu, ya rangi ya udongo, yanabeba miti mizimamizima. Akasimama kwenye mwamba wa upande wa mjini, hana la kufanya.

Kule zahanati Bustani alipoteza damu nyingi, akazimia. Alipozinduka aliambiwa mtoto wa kiume alizaliwa lakini hakupumua. Maji yalipopungua akavushwa kwa machela, akalazwa hospitali muda mrefu. Alipotoka, mumewe alimpeleka makaburini, akamwonyesha tuta dogo kando ya uzio. Daktari alikuwa ameshawaambia kwamba hakutakuwa na mtoto mwingine.

Tangu hapo kila Jumapili Bustani huenda kwenye tuta lile. Alilipandia yasmini upande wa kichwa. Amebuni bustani za watu wengi, ila ile ndiyo bustani yake.

Turudi ofisini.

Bustani alikuwa anavaa viatu vya kazi. Alichukua kofia, futi ya kupimia na mkoba wake.

“Unakwenda wapi?” aliuliza mumewe.

“Kupima. Nyie mmepima mwamba. Mimi nakwenda kupima mwanangu amebakiziwa nafasi gani.”

Na akatoka.

Makaburini jua lilikuwa kali. Bustani aliingia kwa haraka, akapita njia yake ya siku zote, akakunja kwenye uzio. Ghafla akasimama.

Palikuwa na mtu kwenye kaburi.

Alikuwa mwanamke wa umri wake, amepiga magoti, anang’oa majani. Shingoni alikuwa na futi ya cherehani. Alikuwa anaongea peke yake kwa sauti ya chini, vile mama anavyoongea akimvalisha mtoto nguo.

“Habari za saa hizi, dada,” alisema Bustani.

“Nzuri, dada yangu. Unatafuta kaburi la nani nikusaidie? Huku kwenye uzio nawajua karibu wote.”

“Silitafuti. Nimeshafika. Hilo unalopalilia.”

Yule mwanamke akatabasamu kwa upole, kama anayemrekebisha mtu aliyepotea njia.

“Hapana, dada. Utakuwa umekosea mstari. Huyu ni wangu.”

“Ni mwanangu.”

“Dada, nilimzika mimi. Nilikuwepo. Kijiwe hiki kwenye miguu nilikiweka kwa mkono huu. Alifia hospitali kwa homa, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukaa.”

Bustani alitaka kucheka. Kisha alitaka kupiga kelele. Hakufanya lolote kati ya hayo; alikaa chini.

“Jumapili huwa sikuoni hapa,” alisema, kwa sauti ambayo hakuitambua.

“Jumapili napeleka nguo sokoni. Mimi ni fundi cherehani. Huja katikati ya wiki, nikipata nafasi.” Fundi alimtazama vizuri. “Dada, hujisikii vizuri? Nikuletee maji?”

Kisha uso wake ukabadilika. Ukawa na hamu.

“Kama Jumapili huwa unafika hapa, labda unaweza kuniambia. Umewahi kumwona mwanamume kwenye kaburi hili? Mweusi, si mrefu sana?”

“Mwanamume gani?”

“Baba yake. Alinikimbia mimba ikiwa changa. Hata mazishi hakuja. Lakini siku moja nilikuja nikakuta yasmini imepandwa. Nikashangaa. Wiki nyingine nikakuta imemwagiliwa. Nyingine imepogolewa vizuri kabisa. Nikasema, ni yeye. Kumbe ana moyo. Anakuja kwa kujificha kwa sababu ananionea haya.” Fundi aligusa jani moja kwa ncha ya kidole. “Nilikuwa nimemchukia sana, dada. Lakini kila nikiikuta imepogolewa namsamehe kidogo. Mwaka jana nilikuwa nimemaliza kumsamehe.”

Bustani angejibu nini, msomaji wangu? Wewe ungejibu nini?

Lakini mkoba wake ulikuwa wazi, na ndani yake mkasi wa kupogolea ulikuwa unachungulia, mipini yake imechakaa kwa kazi. Fundi ni mtu wa mikasi. Aliutazama ule mkasi. Akaitazama yasmini. Akautazama tena mkasi.

“Ni wewe,” alisema.

“Ni mimi. Nisamehe, dada.”

Fundi aliuweka mkono mdomoni. Machozi yalimtoka bila sauti.

“Kwa hiyo hakuja hata siku moja.”

“Sijui. Mimi sijamwona.”

“Hakuja,” alisema Fundi. “Hata siku moja.”

Wakakaa pale wanawake wawili, kaburi moja katikati yao, kila mmoja amenyang’anywa kitu na mwenzake bila mwenzake kukusudia.

Hatua zikasikika. Daraja alikuwa anakuja mbio kati ya makaburi, shati limemshika mgongoni kwa jasho. Alipomwona yule mwanamke na futi yake shingoni, alisimama kama aliyegonga ukuta.

Bustani alinyanyuka.

“Dada huyu anasema kaburi hili ni la mtoto wake,” alisema. “Mwambie amekosea.”

Daraja aliitazama yasmini.

“Mwambie!”

“Hajakosea.”

“Unasemaje?”

“Hajakosea, mke wangu. Ni la mtoto wake.”

Upepo ulipita. Hata Fundi aliacha kulia.

“Ulijua,” alisema Bustani.

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu siku nilipokuonyesha.”

Bustani alimpiga kofi. Likamwingia sawasawa, na Daraja hakuinua mkono kujikinga. Alisimama tu, akasema yale aliyokuwa ameyafungia kifuani miaka yote.

“Mama alimzika kulekule, ukingoni, ng’ambo. Mvua ikanyesha tena. Ukingo wote ukamomonyoka ukaondoka na maji. Hakukuwa na kaburi. Na wewe kila nikija wodini unaniuliza amelala wapi, amelala wapi. Ulikuwa huli. Ulikuwa unageukia ukutani. Nikapita hapa siku moja nikaona tuta jipya, dogo, halina jina. Nikasema, nitakuonyesha hili, likushike mkono kwa siku mbili tatu, ukipata nguvu nitakwambia kweli.”

“Na mbona hukusema?”

“Ukapanda yasmini.”

Hilo tu. Ukapanda yasmini.

Bustani alitikisa kichwa. “Ndiyo maana,” alisema polepole. “Nilikuwa najiuliza, mtu anawezaje kuchora mstari juu ya mwanawe na mkono usitetemeke. Kumbe hukuwa unachora juu ya mwanao. Ulikuwa unachora juu ya mtoto wa mtu.”

“Ngojeni,” alisema Fundi. Alikuwa amesimama sasa. “Mstari gani?”

Mume na mke wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

“Dada,” alisema Bustani mwishowe, “kuna daraja litajengwa. Barabara ya kupandia itapita hapa. Makaburi ya upande huu itabidi yahamishwe.”

“Na anayechora mambo hayo ni nani?”

“Mimi,” alisema Daraja.

“Basi mwambie.”

“Nimwambie nani?”

“Mwenyewe.” Fundi alionyesha tuta. “Mwambie ahame. Mimi nilimwambia lala, hapa ndipo kwako. Siwezi kumgeuka. Mwambie wewe.”

Daraja alipiga magoti. Mtu huyu amesimama mbele ya mawaziri akatetea nguzo na saruji bila kigugumizi. Alifungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena. Mabega yakaanza kutikisika, na Bustani, ambaye hakuwahi kumwona akilia, hata wodini, hata siku ile ya kuonyeshwa kaburi, alimwona sasa akilia mikono imezama kwenye udongo wa mtoto wa watu.

Alipoinuka, alitoa simu akampigia Penseli.

“Bosi, futa mstari. Tunalihamisha daraja lote.”

Sauti ya Penseli ilitoka kwenye simu, kavu, kila mtu akaisikia. “Kwenda wapi? Si umesema mwamba uko hapo tu?”

“Kwenye mchanga. Tutachimba misingi mirefu. Inawezekana.”

“Inawezekana, ndiyo. Lakini vipimo vinaanza upya. Hiyo ni mvua nyingine itakayopita hakuna daraja. Unanielewa? Msimu mzima mwingine.”

“Naelewa.”

“Na kesho niwaambie nini wateja?”

“Nitawaambia mimi.”

Penseli akasema, “Sawa. Nitasimama na wewe.”

Ungedhani yamekwisha, sivyo? Nami nilidhani hivyo. Lakini Fundi alikuwa anamtazama Daraja kwa jicho jingine.

“Msimu mzima?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Mimi naishi ng’ambo, kaka. Nyumba yangu iko karibu na mto. Mvua zikishika nasikia watu wakiita kutoka ukingoni. Wanaita mtu yeyote. Mwaka jana nilimsikia mama mmoja akiita mpaka sauti ikamkauka. Sikulala, na asubuhi nilienda kazini nimeziba masikio kwa pamba, utafikiri bado anaita.” Aliinama, akaokota jani moja lililobaki juu ya tuta, akalikunja mkononi. “Sitaki kusikia tena hivyo kwa sababu yangu. Mhamisheni.”

“Dada, si lazima…” alianza Bustani.

“Nimesema mhamisheni. Lakini nitambeba mimi, kwa mikono yangu. Na wewe utakuja na yasmini yako. Ameizoea, usimnyime.” Akamgeukia Daraja. “Na wewe kaka, siku hiyo utachimba. Siyo kibarua. Wewe.”

“Nitachimba,” alisema Daraja.

Fundi akaitikia kwa kichwa mara moja, akaivua futi shingoni, akaikunjakunja, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Walimtazama mpaka alipotoka getini.

Daraja alinyoosha mkono kumshika mkewe. Bustani akauondoa wake.

“Nipeleke kwa Mama,” alisema.

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi. Aliyemzika mwanangu ni yeye. Nataka anionyeshe alipomlaza, hata kama ni maji.”

Walishuka bondeni wakavuka kijidaraja cha mbao, mke mbele, mume nyuma. Ilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa mwembamba, mtu angeuruka kwa miguu. Watoto walikuwa wanaoga. Bustani hakutazama chini.

Mama mkwe alikuwa amekaa kibarazani anashona chandarua kilichotoboka. Uzee umemfika vizuri yule mama. Mwili umepungua, ulimi haujapungua.

“Leo saruji na maua mmekuja pamoja?” alitania. “Nani kafa?”

Kisha akawaona nyuso. Sindano ikasimama.

“Shikamoo, Mama,” alisema Bustani.

“Marahaba, mwanangu. Kaa.” Akamtazama mwanawe. “Umemwambia.”

“Nimemwambia, Mama.”

“Umemwambia nini?”

“Kweli yote. Kwamba mtoto alizaliwa amekufa, ukamzika ukingoni, ukingo ukachukuliwa na maji. Na kwamba kaburi la mjini siyo lake.”

Mama mkwe akakiweka chandarua pembeni. Alikaa akitazama mikono yake, kana kwamba anangoja ianze yenyewe kusema.

“Hiyo siyo kweli yote,” alisema. “Hiyo ndiyo niliyokupa wewe.”

Bustani alimgeukia.

“Mama, una maana gani?”

“Alilia, mwanangu.”

“Nani?”

“Mtoto wako. Alizaliwa akalia. Siyo sana. Lakini alilia.”

Daraja alikuwa bado amesimama. Aliutafuta ukuta kwa mkono akauegemea.

“Alikuwa anapumua kwa shida,” aliendelea Mama mkwe. “Wewe ulikuwa umezimia, mkunga anahangaika na wewe, damu haikatiki. Akaniambia, Mama, mtoto huyu anahitaji mashine, na mashine ziko hospitali. Nikamfunga kwa shuka jeupe, nikamweka kifuani, nikakimbia naye mtoni. Nilikuwa na nguvu bado siku zile. Nilifika, kijidaraja sikioni. Natazama upande wa mjini, namwona mwanangu huyu. Amesimama kwenye mwamba.”

“Mama,” alisema Daraja.

“Nikapiga kelele. Maji yanavuma, hunisikii. Nikasema, basi angalau amwone. Nikamwinua juu.”

“Mama, usiseme.”

“Nikamwinua mikono yote miwili, nimefunua uso wake kidogo.”

“Nilikuona!” Sauti ya Daraja ilivunjika vipande. “Nilikuona, Mama! Nilikuona umeinua shuka! Nilidhani… nilidhani unanionyesha maiti. Nilidhani unaniambia amekufa.”

“Nilikuwa nakuonyesha mwanao. Alikuwa amefumbua macho.”

“Nikakaa chini. Nikafunika uso.”

“Ndiyo,” alisema Mama mkwe kwa upole. “Ukafunika uso.”

Daraja alitoka kibarazani. Hakwenda mbali; walimsikia akikaa kwenye ngazi za uani, kwa uzito, kama gunia lililotuliwa.

Nitakwambia ukweli, msomaji wangu, hapa niliweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Bustani hakuwa analia. Machozi yalikuwa yamemkauka mahali fulani kati ya makaburi na mto. Alisogea kwenye mkeka, akakaa miguuni kwa mama mkwe wake.

“Aliishi muda gani?”

“Mpaka mvua ilipoanza upya. Niliketi naye palepale. Nilijua nikirudi nyumbani na maji yakapungua, nitakuwa nimemnyima nafasi yake. Nikamfunika kwa mwili wangu.”

“Alikuwa analia?”

“Hapana. Nilikuwa namsemesha. Nilimwambia, yule pale ni baba yako, usimwone amekaa, amechoka tu. Nikamwambia mama yako amelala kidogo, ataamka. Alikuwa anasikiliza. Ukimsemesha, anasikiliza. Halafu akaacha.”

“Na hukuniambia. Miaka yote hii, Mama.”

“Ulipoamka, mkunga ndiye aliyekwambia hakupumua. Alitaka kukupunguzia. Nikakutazama pale kitandani, huna rangi, huna nguvu. Nikasema, nikikwambia mwanao alilia na wewe hukumsikia, sitakuwa nimekubakishia kitu. Na huyu mwingine…” aliashiria uani kwa kidevu, “nikimwambia alimwona mwanawe yu hai akafunika uso, nitakuwa nimezika watoto wawili. Nikanyamaza. Ukinyamaza siku ya kwanza, mwanangu, siku ya pili mdomo unakuwa mzito zaidi.”

Bustani alililaza paji la uso wake kwenye magoti ya yule mama. Mama mkwe akaweka mkono kichwani kwake. Njiani watoto waliokuwa wakioga walikuwa wanarudi, wanacheka, wanapigana kwa nguo zilizolowa.

“Alifanana na nani?” aliuliza Bustani, bila kuinua kichwa.

“Masikio yako. Hayo hayo madogo. Na kidevu cha huyo aliyekaa kwenye ngazi.”

“Ulimzika peke yako?”

“Na mkunga. Tulimwosha. Tulimlaza vizuri, usiwe na wasiwasi.” Mkono wa Mama mkwe ulisita kwenye nywele za Bustani. “Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu. Hata mkunga hakijui. Nilipoona pumzi inakwisha, niliona vibaya aondoke hivihivi, hajaitwa. Si haki yangu, najua. Ni haki yenu. Lakini nyote wawili hamkuwepo.”

Bustani akainua uso.

“Ulimwita jina, Mama?”

“Nilimwita. Akanitazama.”

“Jina gani?”

Mama mkwe alifungua mdomo, kisha akautazama mlango wa uani. Akatikisa kichwa.

“Sitalisema mara mbili. Kamlete mwenzio.”

Bustani aliinuka. Alitoka hadi uani. Mumewe alikuwa ameinamia magoti, mikono imefunika uso, udongo wa makaburini bado umemganda kwenye kucha. Alimtazama kutoka nyuma. Kofi la mchana bado lilikuwa kwenye kiganja chake, na hakujua bado kama amemaliza kumpiga. Alikaa kando yake kwenye ngazi. Kisha akaishika mikono ile, akaitoa usoni, mmoja baada ya mwingine.

“Inuka,” alimwambia. “Njoo. Mwanetu ana jina.”